Dawa ya Parkinson ya baba: asubuhi haishiki kabisa, nimechanganyikiwa

BintiPangani

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni wanajamvi wengine. Poleni kwa maelezo marefu, ila nikifupisha mtaniuliza maswali yaleyale ninayoulizwa na ndugu zangu.

Baba ana miaka 68, yupo Pangani na mama. Mimi nipo Dar, Mbagala, nafika kwao kila baada ya miezi miwili mitatu. Kazi yake ilikuwa kuunda na kukalafati mashua, kwa hiyo mikono ndiyo ilikuwa mtaji wake. Miaka mitatu iliyopita mkono wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ameuweka tu pajani. Akishika kitu, unatulia. Tulimleta Dar kwa daktari wa mishipa ya fahamu, akasema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili utetemeke na kukakamaa, akamwandikia vidonge vya levodopa na kabidopa, kimoja kimoja mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Sitaki kutia chumvi, lakini ndani ya mwezi tulimpata baba yetu tena. Anafunga vifungo vya shati mwenyewe, anakwenda msikitini kwa miguu, anacheka. Kabla ya hapo uso ulikuwa umekaza tu, mama akidhani amenuna.

Sasa miezi miwili hii mambo yamegeuka. Kidonge cha asubuhi anakimeza na hakuna kinachotokea mpaka karibu saa 5, anakaa kitini amekakamaa. Cha mchana kinashika kidogo. Cha jioni afadhali. Halafu amepata kichefuchefu ambacho hakuwa nacho, kuna wiki alitapika mara tatu. Mama akampeleka zahanati, wakampa vidonge vya kuzuia kutapika. Kutapika kumepungua, lakini mimi naona ndiyo amezidi kuwa mgumu. Akifika mlangoni anasimama, miguu kama imegandishwa kwa lami, mwili unataka kwenda na miguu haitaki.

Kwa upande wa dawa hakuna kilichobadilika, nanunua mimi mwenyewe na kuzituma kwa basi. Mara ya mwisho boksi lilikuwa la rangi nyingine, ila muuzaji aliniambia ni dawa ileile, kampuni tu ndiyo tofauti, na bei ni nafuu kidogo. Chakula anakula vizuri. Alikuwa amepungua mwili, kwa hiyo mama anampikia uji wa lishe, ule wa mahindi, ulezi, soya na karanga, anaukoroga na maziwa. Anampa bakuli zima asubuhi pamoja na kidonge chake ili asisahau.

Baba mdogo anasema mwili umeshaizoea dawa, aiache mwezi mzima apumzike kisha aanze upya. Jirani kaleta habari za upupu. Na baba mwenyewe kasema Ramadhani ikifika anafunga, hataki mjadala.

Ninachouliza: hii dawa hufika mahali ikachoka? Kuna anayeitumia mwenyewe au anayeuguza mtu? Tafadhali msiniambie tu "mpeleke hospitali", najua, miadi yake ni baada ya wiki sita.


Mtu_Kwao

Pole sana dada. Hiyo ni presha ya kushuka, mpe maji ya chumvi.


BintiPangani

Ahsante ndugu, lakini presha tumepima. Naomba wenye uzoefu na Parkinson yenyewe.


FundiMajengo

Marahaba mwanangu. Mimi si daktari, ni fundi wa nguo hapa Majengo, Mombasa. Nina miaka 66 na haya maradhi niko nayo mwaka wa kumi na moja. Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na nimengoja kidonge kishike ndipo nikaanza, kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Mimi sikuanza na kutetemeka, nilianza na pua. Niliunguza suruali ya mteja kwa pasi, suruali ya harusi, na kijana niliyekuwa nikimfunza kazi ndiye aliyeingia mbio kutoka barazani akaniuliza, mzee, hunusi? Nilikuwa nimesimama juu ya moshi wenyewe na sinusi kitu. Nikalipa suruali, yakaisha. Mwaka uliofuata matundu ya vifungo yakaanza kunishinda, na mwandiko wangu kwenye daftari la vipimo ukawa unapungua, unapungua, mwishowe ungedhani ni sisimizi wamepita. Nilikwenda kupimwa presha. Nilikwenda na kwa bwana mmoja ambaye sitamtaja, akanichanja na akala kuku wangu wawili. Daktari aliyekuja kuujua ugonjwa hakunitoa hata tone la damu. Aliniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, akanitembeza ukumbini, akautazama mkono wangu wa kulia ambao ulikuwa haupungi nikitembea. Akakaa, akaniambia jina la maradhi.

Dawa yangu ya kwanza haikuwa hiyo ya baba yako, ilikuwa Artane. Kutetemeka kulipungua, siwezi kuisingizia. Lakini mdomo ulikauka nikawa nasema kama niliyebwia unga, choo kilifunga siku tano, na kubwa zaidi kichwa kiliingia ukungu. Nampima mteja bega, inchi 18, nikigeuka kuandika imeshanitoka. Nilikata kanzu ya watu ikawa fupi ya kuvulia samaki. Daktari aliposikia hilo la kanzu ndipo akaniondoa kwenye Artane pole pole, akaniweka kwenye levodopa.

Wiki ya pili, asubuhi, nimekaa mbele ya cherehani, nikatunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Nikauchomoa nikatunga tena. Nikauchomoa nikatunga tena. Mke wangu ananitazama, anadhani sasa ndiyo nimeharibikiwa. Baadaye nikaambiwa kwamba hata madaktari kipindi hicho wanakiita fungate. Na fungate kwetu sisi ni siku saba, mwanangu. Yangu ilidumu miaka minne, sina lawama.

Baada yake ndipo likaja hilo swali lako. Kidonge kilichokuwa kikinitosha kutoka alfajiri hadi adhuhuri kikawa kinaisha katikati ya asubuhi. Nilivyoelezwa ni kwamba dawa haichoki. Ubongo mwanzoni huwa bado unaweza kuweka akiba, kidonge kikija unatia ghalani na kutoa kidogo kidogo. Miaka ikipita ghala linabomoka, unabaki kula kwa siku. Hapa nyumbani tunasema "stima zimerudi" na "stima zimepotea", hata wajukuu wanajua: babu hana stima, msimwite sasa.

Lakini kabla hujakubali kwamba baba yako amefika huko, ngoja. Mimi nami nilimwendea daktari nikamwambia dawa imekufa. Akaniambia, kaandike kwanza. Nikachukua daftari la vipimo lililobaki, nikapiga mistari: saa niliyomeza, saa stima zilipokuja, saa zilipopotea, na nilichokula. Siku kumi na nne. Nilikuwa nikiona ni upuuzi.

Kumbe siku za kazi kidonge cha asubuhi kilishika baada ya dakika 40, na Jumamosi na Jumapili hakishiki hadi saa 4, saa 4 na nusu. Nikasema labda ni kwa kuwa sifungui duka, nimekaa bure mwili umelala. Mke wangu akachukua daftari, akalitazama kidogo tu, akasema: Jumamosi na Jumapili si ndizo siku zako za mahamri na mbaazi?

Basi ndiyo hiyo. Levodopa na protini ya chakula hupita mlango mmoja kutoka utumbo kuingia kwenye damu, na wakifika kwenye ubongo wanakutana tena kwenye mlango mwembamba kama ule. Ukimeza kidonge kimoja halafu ukateremsha sahani ya mbaazi, mbaazi ndizo zinazopita, kidonge kinasubiri foleni. Mimi nameza na maji matupu, nangoja nusu saa au zaidi kidogo, ndipo nafungua kinywa. Nikishakula kwanza, basi hungoja saa nzima na ziada ndipo nimeze. Mbaazi sikuziacha, wallahi siwezi, nimezihamishia usiku. Samaki, nyama, maharagwe, maziwa, vyote vimehamia usiku, wakati sina kazi ya sindano. Asubuhi nala muhogo wa kuchemsha, au mkate na chai ya rangi. Lakini nilimuuliza daktari kwanza, na si kukata protini, ni kuhamisha. Mtu wa maradhi haya akipungua mwili ni balaa jingine.

Sasa rudi ukasome ulichoandika mwenyewe. Soya, karanga, maziwa, bakuli zima, pamoja na kidonge. Na ulisema yamegeuka miezi miwili hii. Uji ulianza lini? Mama asilaumiwe hata chembe, uji ule ni mzuri na baba aendelee kuunywa, saa tu ndiyo ihamishwe.

Ama baba mdogo wako, mwambie kwa heshima zote asithubutu. Nitakuambia kwa nini, na hapo hapo nimjibu na mzee wako wa Ramadhani. Mwaka wa sita wa maradhi nilifunga kwa kiburi changu, vidonge vya mchana nikaviacha bila kumuuliza mtu. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya nne mwili ulikaza kama ubao, homa kali, jasho, maneno hayatoki, wanangu wakanibeba juu ya mkeka hadi kwenye gari. Nikalazwa siku sita. Daktari akasema dawa hii ukiikata ghafla inaweza kukuua, na akaniambia mbele ya watoto wangu, nikaona haya. Imamu wetu alipokuja kunitazama hakunigombeza, alinisomea tu ile aya ya mgonjwa na msafiri katika Suratul Baqara. Sasa kila mwaka natoa fidia, kibaba kwa kila siku, na mke wangu ndiye anayepima kwa sababu mimi namwaga. Kuna wagonjwa ambao daktari huwapangia na wakafunga, siwezi kumsemea baba yako. Lakini asijipangie.

Mimi sasa niko kwenye vidonge mara tano: saa 11 alfajiri, saa 2 na nusu, saa 6, saa 9 na nusu, saa 1 usiku. Simu inalia kila mara kwa sauti ya jogoo. Kuna saa dawa inazidi, mwili unayumba na kucheza wenyewe. Mteja mgeni aliwahi kuondoka na kitambaa chake akidhani nimelewa. Kusema kweli nachagua kuyumba kuliko kuganda. Kuyumba naweza kukata nguo. Kuganda siwezi hata kujikuna.

Kidole kimechoka. Nijibu hilo la uji.


Mfamasia_wa_Zamu

Fundi amemaliza kazi yangu karibu yote. Niongeze mawili ambayo BintiPangani ameyapita haraka, na nadhani ndiko tatizo la pili na la tatu lilipo.

Boksi la rangi nyingine. Dada, lichukue sasa hivi usome namba. Dawa hizi ni mbili ndani ya kidonge kimoja, na baadhi ya viwanda huandika jumla yake. 125 maana yake kabidopa 25 na levodopa 100. 110 maana yake kabidopa 10 na levodopa 100. 275 ni kabidopa 25 na levodopa 250. Muuzaji asiye makini anaona "levodopa 100" kwenye zote mbili za mwanzo, anasema ni ileile. Si ileile. Kabidopa ndiyo mlinzi: inazuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini, ile kemikali ambayo ubongo wa mgonjwa umepungukiwa, njiani kabla ya kufika kwenye ubongo, na dopamini ya njiani ndiyo inayoleta kichefuchefu. Mwili unahitaji kabidopa kama miligramu 70 hadi 100 kwa siku ili ulinzi utoshe. Kwa vidonge vitatu vya 125 baba alikuwa anapata 75. Kwa vitatu vya 110 anapata 30. Kama ndivyo ilivyo, kutapika kumejieleza, na hata levodopa inayofika ubongoni imepungua.

Pili, hivyo vidonge vya zahanati vya kuzuia kutapika vinaitwaje? Naomba Mungu visiwe metoklopramaidi, ambayo wengi wetu tunaiita Plasil. Hiyo inaziba kwenye ubongo palepale ambapo levodopa inajaribu kufanya kazi. Mgonjwa wa Parkinson hapaswi kupewa. Pamoja nayo ziwekwe haloperidoli na Largactil, dawa za magonjwa ya akili, na hata Stugeron ya kizunguzungu, ambayo watu hununua kama pipi. Za kuzuia kutapika zinazomfaa mgonjwa huyu zipo, ila achague daktari baada ya kujua moyo wake ukoje.

Na kama anameza vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vitenganishwe na levodopa kwa saa mbili.

Zahanati usiwalaumu sana. Wengi wao hawajawahi kumwona mgonjwa wa Parkinson aliyeandikwa hivyo kwenye cheti. Kuna utafiti ulifanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2008: walihesabu watu zaidi ya 160,000 nyumba kwa nyumba, wakapata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Walikuwa wanaitwa wazee tu. Kwa hiyo mwandikie baba karatasi ndogo, dawa anazotumia na dawa asizopaswa kupewa, ikae kwenye mfuko wa shati. Siku moja atafika mahali ambapo wewe na mama hampo.

Usingoje wiki sita. Mpigie daktari wake, au hata muuguzi wa kliniki, mweleze boksi na vidonge vya zahanati. Hilo ni la kesho asubuhi.


MitiShamba_Asilia

Mnazunguka bure. UPUPU. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, Wahindi wanatumia toka enzi. Viwanda havitaki mjue kwa sababu unaota bure porini. Kaanga mbegu, saga, kijiko asubuhi. Mwisho wa habari.


Mfamasia_wa_Zamu

Nusu ya maneno yako ni kweli, ndiyo maana ni ya hatari. Upupu una levodopa kweli, na si siri ya mtu. Kuna jaribio lilifanyika Bolivia kwa wagonjwa 18, likachapishwa mwaka 2017, unga wa mbegu zilizokaangwa ukafanya kazi. Walipoendelea nao kwa wiki 16 na wagonjwa 14, nusu yao waliuacha, wengine kwa tumbo, wengine kwa sababu hali ya mwili ilizidi kuwa mbaya. Wale walikuwa na madaktari wanaopima kiasi kwa gramu. Kijiko chako kina kiasi gani? Cha kichaka cha huku na cha kichaka cha kule ni sawa? Na baba wa mwenzetu tayari yuko kwenye vidonge, unamwongezea juu yake bila kabidopa, na tatizo lake mojawapo ni kutapika.


FundiMajengo

Mimi upupu naujua tangu skuli, tulimwekea mwalimu kitini. Sijawahi kumwona mtu akiufuata kichakani akarudi bila kujikuna.


Kijana_Nakuru

Pole Binti. Mimi ninauguza babangu, na nimeona hapa hakuna aliyetaja jambo moja, wacha nitaje ingawa ni aibu ya nyumbani.

Mzee wetu alikuwa kwenye levodopa, daktari akamwongezea pramipeksole, dawa nyingine ya Parkinson. Ilimsaidia sana kutembea. Baada ya kama miezi mitano nikaona simu yake haitoki mkononi. Huyu ni mzee wa kanisa, hajawahi kushika hata karata. Siku moja mamangu anauliza ng'ombe ya pili imeenda wapi. Tukaangalia M-Pesa yake: kubeti. Mechi za Uswidi, mechi za Brazil, usiku wa manane, mzee ambaye hajui hata kona ni nini. Tulimgombeza vibaya sana. Tuliita hadi mchungaji. Mzee akalia, akasema hata yeye hajui ni nini kinamshika, akiona simu mkono unaenda.

Ni dada yangu aliyesoma ile karatasi ndogo ndani ya boksi. Imeandikwa wazi: kucheza kamari kupita kiasi, kununua vitu ovyo, kula ovyo, na mambo ya kitandani pia. Daktari alipoulizwa akasema ndiyo, inajulikana, akaipunguza polepole hadi ikaisha. Kiu ya kubeti ilimwisha ndani ya wiki chache. Ng'ombe hazikurudi.

Babako haitumii sasa, najua. Lakini siku wakimwongezea dawa yoyote ya aina hiyo, mwambie mama yako awe anajua, na mzee mwenyewe aambiwe mapema. Sisi tungeambiwa tusingemdhalilisha mbele ya mchungaji. Hiyo ndiyo inaniuma mimi kuliko ng'ombe. Na usingizi pia, ile dawa ilimwangusha usingizi akiwa ameshika kikombe cha chai, kwa hivyo asipewe kuendesha chochote.


BintiPangani

Jamani. Nimesoma nikalia, kisha nikapiga simu Pangani usiku uleule.

Boksi ni 110. Lile la zamani mama alikuwa amelitunza anawekea vifungo, ni 125. Na vidonge vya zahanati ni Plasil. Uji ulianza wiki ileile niliyotuma boksi jipya, kwa hiyo kila kitu kiligongana mahali pamoja na sisi tukabaki kusema ugonjwa umekua.

Asubuhi nilimpata daktari kwa simu. Plasil akasema isimamishwe siku hiyohiyo. Akaniambia nirudishe zile za 125, kiasi kilekile, na kuhusu uji akacheka kidogo, akasema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa wanaandika alichokula mtu. Nimepeleka boksi kwa mkono wangu mwenyewe mara hii, nikakaa siku nne.

Mama alivyoambiwa habari ya uji alinyamaza muda mrefu. Nikamsomea maneno ya Fundi, "mama asilaumiwe hata chembe", akasema huyo mzee ana adabu. Kidonge sasa ni saa 11 na nusu, kwa maji. Uji ni wa saa 2 usiku.

Nitarudi na majibu.


BintiPangani

Nimerudi, ni wiki ya tatu leo. Nimefanya daftari kama la Fundi, mama haandiki vizuri kwa hiyo anampigia mjukuu wa jirani aje aandike, tunamlipa maandazi. Kidonge cha asubuhi kinashika kwa wastani wa dakika 45. Kuna siku moja kilichukua saa mbili, mama akakiri kwamba kaka alikuja na maziwa ya ng'ombe wake, ikabidi yaonjwe. Kutapika kumekwisha kabisa. Juzi baba alikwenda ufukweni akakaa na vijana wanaounda mashua, akawakosoa siku nzima, akarudi na furaha.

Ramadhani bado tunabishana. Amekubali kuongea na daktari na shehe, wote wawili, na akasema wasipokubaliana atamfuata shehe. Tumeona tumpigie shehe kwanza.

Kilichobaki ni mlango. Pamoja na dawa kushika, mlango wa kutokea uani bado unamgandisha. Anasimama dakika mbili tatu, mama akimvuta mkono ndiyo kabisa, karibu waanguke wote. Ameniambia nimuulize yule fundi wa Mombasa, yeye milango anapitaje?


FundiMajengo

Mwambie asivutwe. Kuvutwa ndiko kunakoangusha.

Mimi duka langu lina mlango mwembamba, ulinitesa mwaka mzima. Ukiganda, usishindane nao. Simama wima, pumua, sahau mlango. Kisha tafuta kitu chini cha kuvuka. Miguu iliyokataa kutembea haikatai kuvuka, usiniulize kwa nini, ubongo una njia ya uchochoroni. Mimi nilichukua chaki yangu ya kupimia nguo nikapiga mistari sakafuni, mitano, kutoka meza ya kukatia hadi nje, kila mmoja urefu wa hatua yangu. Navuka mstari mmoja, navuka wa pili, nimetoka. Wateja hudhani watoto wamecheza. Nikiwa mahali hapana mistari, mke wangu hutanguliza mguu wake mbele ya wangu, nauvuka mguu wake.

Yeye ni fundi mashua, mistari anajua kupiga kuliko mimi. Apige mwenyewe.


BintiPangani

Alipiga mwenyewe, kwa uzi na makaa, kama anavyopiga kwenye ubao wa mashua. Minane, imenyooka, mpaka uani. Amevuka mara nne jana, mara ya nne bila kusimama.

Mama anauliza kama kuna aina ya mstari isiyochafua sakafu.


FundiMajengo

Chaki ya fundi inafutika kwa kitambaa kikavu. Nitumie jina la basi, nitampelekea boksi.